Chakula cha Kichina na uvimbe wa ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna klipu ya sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inapotea miezi kadhaa, kisha inarudi. Msemaji hajitaji jina. Anaonya kwamba Wachina wanaugua sana uvimbe wa ubongo kwa sababu ya wanavyokula, na kwamba sisi tunaokimbilia migahawa yao mijini tunajiletea ugonjwa huohuo. Kila inaporudi napigiwa simu. Mimi nimesomea lishe, si upasuaji wa ubongo, kwa hiyo majibu haya yanaegemea upande wa sahani. Nimeyaacha maswali jinsi watu wanavyoyauliza.

Je, ni kweli chakula cha Kichina kinaleta uvimbe wa ubongo?

Hapana, hakuna ushahidi wa hivyo.

Na swali lenyewe lina kasoro kabla halijajibiwa, maana chakula cha Kichina si kitu kimoja. Mtu wa Guangzhou anakula wali na samaki wa kupikwa kwa mvuke. Wa Shandong anakula mikate ya ngano na tambi. Sichuan ni pilipili zinazotia ganzi ulimi, na Heilongjiang, kule mpakani na Urusi, ni viazi, kabichi na nguruwe wa kuchemshwa. Ukiwaweka wote kapu moja ni kama kusema "chakula cha Kiafrika kinaleta presha" bila kuuliza kama unazungumzia ugali, injera au biriani.

Kilichowahi kutajwa na watafiti ni jambo jembamba zaidi: vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi, hasa mboga za kuchachusha na samaki wa chumvi. Hata hapo, ushahidi unaohusu ubongo ni dhaifu. Ulio mzito unahusu viungo vingine, nami nitafika huko.

Sasa habari hii ilianzia wapi, kama si kweli?

Kwa sehemu kubwa ilianzia Heilongjiang. Kati ya 1993 na 1995 watafiti walikusanya wagonjwa 129 katika hospitali 6 za jimbo hilo, wote uvimbe wao ukiwa umethibitishwa maabara. Wagonjwa 73 walikuwa na glioma, yaani uvimbe unaoota kwenye seli zinazozishikilia na kuzihudumia seli za neva ndani ya ubongo. Wengine 56 walikuwa na meninjioma, inayoota kwenye utando unaoufunika ubongo na ambayo mara nyingi si saratani. Kila mmoja akatafutiwa watu 2 wa kulinganishwa naye, wagonjwa wa maradhi mengine, jumla 258. Wote wakaulizwa: kabla hujaugua ulikuwa unakula nini?

Majibu yalipochapishwa mwaka 1999 yalikuwa ya kuvutia. Waliokula zaidi mboga mbichi, hasa kabichi ya kule na vitunguu, walionekana kuwa na hatari ndogo. Matunda, samaki wabichi na kuku vivyo hivyo. Upande wa pili, waliokula sana mboga za chumvi walionekana kuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu hivi wa kuwa miongoni mwa wagonjwa, na samaki wa chumvi nao wakaangukia upande huohuo mbaya.

Utafiti huo ni wa kweli na ulifanywa na watu wanaojua kazi yao. Klipu ya WhatsApp ndiyo iliyouchukua, ikaondoa neno "walionekana", ikaondoa Heilongjiang, ikabakiza China nzima na ubongo.

Lakini mara mbili na nusu si kidogo. Mbona huuamini?

Siukatai. Ninausoma kwa makini tu, na nina sababu.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Hebu jaribu kusema sasa hivi mwaka juzi ulikula mchicha mara ngapi kwa wiki. Sasa fikiria mtu aliyeambiwa wiki iliyopita kwamba ana kitu kichwani. Mtu huyo hupekua maisha yake yote akitafuta alipokosea, na kila kitu ambacho jirani amewahi kukisema kuwa kibaya kinakuja mdomoni. Aliyelazwa kwa sababu ya mguu uliovunjika hana haja hiyo. Na uvimbe wa ubongo unaweza kuigusa kumbukumbu yenyewe, pamoja na hamu ya kula, miezi mingi kabla haujagunduliwa.

Ya pili ni baridi ya Heilongjiang. Majira ya baridi kule hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa vizazi na vizazi, mboga ya miezi hiyo ilikuwa kabichi iliyovundikwa kwenye mtungi mkubwa kama pipa, jiwe zito likiwa limeikandamiza juu. Aliyekuwa anakula matunda na samaki wabichi mwezi wa Januari miaka ile alikuwa na kitu mfukoni, au kazi nzuri mjini. Aliyekula mboga za mtungini kutwa mara tatu huenda alikuwa mkulima wa kijijini, mwenye moshi wa makaa ndani ya nyumba, mwenye kazi tofauti na maradhi tofauti. Unapopima mtungi unapima na maisha yanayouzunguka.

Ya tatu ni kwamba matokeo yenyewe yalikuwa matamu mno. Kwa hesabu zao, wala matunda wakubwa walikuwa na uwezekano chini kwa zaidi ya asilimia 80. Kama papai lingekuwa na nguvu hiyo juu ya uvimbe wa ubongo, nchi zinazokula matunda kwa wingi zingekuwa hazina kabisa ugonjwa huu.

Zikaja tafiti za namna nyingine, ambazo huwauliza watu wangali wazima kisha huwafuata miaka mingi kuona nani ataugua. Mwaka 2019 yaliunganishwa makundi 3 makubwa ya Uingereza na Marekani: watu zaidi ya milioni 1.2, ambao 2,313 kati yao walipata glioma. Matunda, mboga, nyama, nafaka, mitindo mizima ya ulaji inayosifiwa, karibu vyote havikuonyesha uhusiano wa maana na glioma. Ni kweli Waingereza hawali mboga za mtungini za Harbin, mji mkuu wa Heilongjiang, kwa hiyo utafiti huo haujibu swali la mtungi moja kwa moja. China nayo ina kundi lake la watu zaidi ya laki 5 walioandikishwa kati ya 2004 na 2008 kutoka maeneo 10, Harbin ikiwemo. Maswali kama haya hujibiwa na makundi ya namna hiyo, siyo na wagonjwa 129.

Chumvi na mboga zilizochacha zinafikaje kwenye ubongo? Nieleze kwa lugha ya jikoni.

Majani mabichi yana nitrati, inayotoka kwenye udongo na mbolea. Ukiyafunga kwenye mtungi wenye chumvi, vijidudu vilivyoko kwenye majani huigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikikutana na mabaki ya protini kwenye asidi ya tumbo, inaweza kuzaa kemikali za familia ya N-nitroso, ambamo zimo nitrosamini. Nyingi kati yake huharibu vinasaba vya seli. Nyama za makopo na soseji hufika hapohapo kwa njia ya mkato, maana nitriti huwekwa makusudi ili nyama ibaki nyekundu na isiote vijidudu vya sumu.

Kwa nini ubongo ukatajwa? Kwa sababu ya panya. Mwaka 1966 watafiti wa Kijerumani waliokuwa wakiongozwa na Hermann Druckrey waliwapa panya wenye mimba kemikali moja ya familia hiyo, ethylnitrosourea. Dozi moja tu. Watoto wa panya hao walipokua, wengi wao wakapata uvimbe wa ubongo na wa neva. Ni moja ya majaribio yaliyo wazi kabisa katika historia ya saratani, na ndilo lililowafanya watafiti wa nchi nyingi waanze kuwauliza wagonjwa kuhusu soseji na mboga za chumvi.

Tatizo ni kwamba kilichoko mtungini sicho walichopewa panya. Vyakula vina zaidi nitrosamini, ambazo hazina makali mpaka zipitie vimeng'enya vya mwili, hasa kwenye ini. Kwa hiyo kwa wanyama hugonga ini, umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na tumbo zaidi kuliko ubongo. Ile ya Druckrey haihitaji kuamshwa na kimeng'enya chochote, na hupenya moja kwa moja hadi kwenye ubongo.

Uwezo huohuo wa kupenya umewafaa madaktari: dawa mbili za siku nyingi za kutibu glioma, carmustine na lomustine, ni ndugu wa damu wa kemikali ya panya wale. Kwenye magrupu ya WhatsApp sijaisikia hiyo hata siku moja.

Mwili wenyewe pia ni mtungi. Karibu robo ya nitrati unayokula hurudi kwenye mate, na vijidudu vya nyuma ya ulimi huigeuza sehemu yake kuwa nitriti. Sehemu kubwa ya nitrati hiyo hutoka kwenye mboga za majani, zilezile tunazohimizwa kula. Kinachookoa ni kwamba mboga na matunda huja na vitamini C, inayozuia nitriti isishikane na protini. Kwa hiyo mchicha na kipande cha nyama ya kopo havifanani, hata kama maabara imekuta nitrati kwenye vyote viwili.

Je, Wachina wanaugua uvimbe wa ubongo kuliko mataifa mengine?

Glioma huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya kuliko kwa wenye asili ya Asia Mashariki. Hata Marekani, ambako hospitali ni zilezile na vipimo ni vilevile, Wamarekani wenye asili ya Asia wanaipata kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu. Kama mtu anataka kulaumu sahani, itabidi aanze kwingine.

Kwa idadi, China ina wagonjwa wengi, kwa sababu ina watu wengi. Kwetu Afrika Mashariki takwimu ziko chini, ila usizifurahie haraka. Ugonjwa huu hauonekani bila CT skani au MRI, mashine za kupiga picha za ndani ya kichwa, na anayekufa kijijini na kichwa kinachouma haingii kwenye daftari lolote.

Nimesoma kwamba samaki wa chumvi wa Kichina wametangazwa kuwa wanaleta saratani. Je, ng'onda na papa wetu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake linahitaji subira.

IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Lyon, imewaweka samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina kwenye Kundi la 1, yaani ushahidi kwamba wanasababisha saratani kwa binadamu unatosha. Lakini saratani yenyewe ni ya sehemu ya nyuma ya pua, juu ya koo. Si ya ubongo. Kusini mwa China, hasa Guangdong, ugonjwa huo ni wa kawaida kiasi kwamba ulipewa jina la utani la uvimbe wa Canton, jina la zamani la Guangzhou. Hauletwi na samaki peke yake. Kirusi cha Epstein-Barr kimo, na asili ya kifamilia imo.

Mtindo wa Kichina una maana yake hapa. Kule kusini samaki wengine huachwa walainike, waanze kuoza kidogo kwa ndani, ndipo watiwe chumvi na kuanikwa. Ulaini huo na harufu ndiyo sifa yao, na ndimo nitrosamini zinamojitengeneza kwa wingi. Zaidi ya hayo, watoto wachanga walikuwa wakianzishiwa kula kwa uji wa mchele uliotiwa samaki huyo. Waliomla utotoni ndio walioonekana kuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Samaki wengine wa chumvi, wasio wa mtindo huo, taasisi ileile iliwaweka kwenye Kundi la 3: ushahidi hautoshi kusema lolote. Ng'onda anayepasuliwa akiwa mbichi, akatiwa chumvi na kuanikwa juani Bagamoyo au Lamu anaangukia huko. Hiyo si hati ya usafi. Samaki aliyekaa siku nzima juani kwenye ngalawa kabla ya kutiwa chumvi anamkaribia yule wa Guangdong kuliko mvuvi angependa kukiri. Kwa hiyo mimi hununua papa kwa mtu ninayemjua, namloweka usiku kucha, namwaga maji mara mbili, na simpi mtoto aliye chini ya miaka miwili.

Na mboga za kuchachusha zenyewe?

Zile za jadi za Asia ziko Kundi la 2B, yaani huenda zikasababisha saratani, na tena kinachotajwa ni umio na tumbo. Mfano unaojulikana ni Linxian (siku hizi Linzhou), katika mkoa wa Henan, ambako vifo vya saratani ya umio vilikuwa vingi hadi watu walisema hata kuku wao wanaugua koo. Kuanzia 1986 hadi 1991 watu wazima karibu 30,000 wa huko walipewa virutubisho kwa majaribio. Waliopata mchanganyiko wa beta-karotini, vitamini E na seleniamu walikufa kwa saratani ya tumbo wachache kidogo kuliko wenzao. Chakula chao kilikuwa duni mno, kwa hiyo usikimbilie kununua vidonge.

Umio unatuhusu kuliko ubongo. Kuanzia Bomet nchini Kenya, kupita Kilimanjaro hadi Malawi kuna ukanda wa saratani hiyo, na hatuli kabichi ya mtungini. Miongoni mwa vinavyochunguzwa ni chai na uji unaonywewa ukiwa wa kuunguza. Vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 viliwekwa Kundi la 2A, hatua moja juu ya 2B, mwaka 2016.

Mwanangu anasoma Harbin. Anasema kantini wanapika kabichi chachu na nguruwe karibu kila wiki. Nimkataze?

Usimkataze, mama. Chakula hicho kinaitwa suan cai, na ndicho chakula cha nyumbani cha watu wa kule kama kisamvu kilivyo kwetu.

Kuna jambo moja la kumwambia kama wanafunzi wenzake wanajitengenezea bwenini. Nitriti kwenye mtungi hupanda siku za mwanzo, hasa wiki ya kwanza, kisha hushuka kadiri uchachu unavyozidi. Ndiyo maana wazee wa kule husema mtungi usifunguliwe kabla ya siku 20. Mwanafunzi mwenye njaa anayefungua siku ya tano anakula ikiwa kwenye kilele. Asuuze majani kabla ya kupika, ale na mboga mbichi, na atafute machungwa. Machungwa Harbin siku hizi hayakosekani.

Hiyo kabichi iliyosifiwa kwenye utafiti ndiyo chainizi ya sokoni kwetu?

Ni ukoo mmoja, mmea si uleule. Ile ya Heilongjiang hufunga kichwa kirefu cheupe, kizito kama mtoto wa miezi miwili. Chainizi ya Kariakoo ni majani ya kijani yasiyofunga. Kula tu, ni mboga nzuri.

Ajinomoto je? Inasemekana inakula ubongo.

Ajinomoto ni jina la kibiashara la kiungo kinachoitwa monosodiamu glutameti, na asili yake si China. Mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani mwaka 1908. Hofu ilianza na barua ya daktari mmoja kwenye jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1968, akisema anajisikia vibaya akila kwenye migahawa ya Kichina. Mwaka uliofuata John Olney akaonyesha kwamba vipanya wachanga wakichomwa sindano ya dozi kubwa ya glutameti, sehemu fulani ya ubongo wao huharibika. Hiyo ni sindano, kwa dozi kubwa, kwa mnyama wa siku chache, na kilichoonekana ni seli kufa, si uvimbe kuota.

Glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya, dagaa na maziwa ya mama. Wapo wanaoumwa kichwa wakiila kwa wingi, na hao waiache. Uvimbe haiusababishi.

Tambi za pakiti?

Chumvi nyingi, mafuta, na shibe isiyokaa. Hazihusiani na uvimbe wa ubongo.

Chai ya kijani inakinga?

Tafiti kadhaa zimeona wanywaji wa chai na kahawa wana glioma pungufu kidogo, nyingine hazikuona kitu. Inywe kwa sababu unaipenda. Anayeuza majani hayo kama dawa ya uvimbe anauza majani.

Jirani yetu aliambiwa ana kitu kwenye ubongo kwa sababu ya nyama ya nguruwe. Hilo nalo ni uongo?

Hapana, na hapa ndipo chakula na ubongo vinapokutana kweli, ingawa si kwa saratani.

Mnyoo unaitwa tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya mnyoo huyo, tegu mzima huota utumboni mwake, na huenda asijue. Kisha mayai ya tegu hutoka na choo. Yakifika kwenye chakula cha mtu mwingine kwa mikono isiyonawiwa au mboga iliyomwagiliwa maji machafu, viluwiluwi hupenya kwenye damu na kwenda kujifunga kwenye misuli na ubongo. Kwenye picha huonekana kama vivimbe vidogo, na dalili yake kubwa ni kifafa.

Angalia mtego ulivyo: anayepata vifuko kichwani si lazima awe amekula nguruwe. Anaweza kuwa Mwislamu asiyemgusa maisha yake yote, akala kachumbari iliyoandaliwa na mtu mwenye tegu. Mkoani Yunnan, China, wako wanaokula nguruwe mbichi kama kitoweo cha heshima. Kwetu, Mbulu na Mbozi ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana kwa ugonjwa huu. Una dawa, mradi daktari autambue. Kwa hiyo ukisikia "uvimbe kwenye ubongo", uliza: uvimbe wa aina gani?

Basi ni nini hasa kinachojulikana kuongeza hatari?

Orodha ni fupi, na inakera watu wanaotaka cha kulaumu. Mionzi mikali kichwani, kwa mfano watoto waliowahi kutibiwa saratani kwa mionzi. Magonjwa machache ya kurithi, kama neurofibromatosisi. Umri. Kinga iliyodhoofika, VVU ikiwemo, huongeza aina moja ya saratani ya ubongo inayotokana na seli za kinga. Simu za mkononi hazimo kwenye orodha hii: ziliwekwa Kundi la 2B tu mwaka 2011, kapu lilelile la mboga za kuchachusha. Ukiacha umri, wagonjwa wengi hawana hata kimoja cha kwenye orodha, na daktari atakayekuambia "hatujui" anakuambia ukweli.

Kwa hiyo chumvi haina shida kwa ubongo?

Ina shida kubwa, sema kwa mlango mwingine. Wachina kwa wastani hula chumvi zaidi ya gramu 10 kwa siku, mara mbili ya kikomo cha gramu 5 cha Shirika la Afya Duniani. Chumvi hupandisha presha, presha hupasua au kuziba mishipa ya kichwa, na kiharusi ni miongoni mwa wauaji wakubwa kabisa wa nchi hiyo.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika vijiji 600 vya China, kwa watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au waliokuwa na miaka 60 na zaidi wenye presha. Nusu ya vijiji viligawiwa chumvi ambayo robo yake ilikuwa potasiamu kloridi badala ya chumvi ya kawaida. Hakuna kingine kilichobadilishwa jikoni. Katika muda wa karibu miaka 5, viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Linganisha na wagonjwa 129 wa Heilongjiang, kisha uniambie kwa nini klipu ya sauti inazungumzia uvimbe.

Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse chumvi hiyo bila kuuliza daktari, maana potasiamu ikizidi inasimamisha moyo.

Dalili zipi zinipeleke hospitali?

Degedege au kifafa kinachoanza ukubwani, hata mara moja. Kichwa kinachouma tofauti na ulivyozoea, hasa kikikuamsha alfajiri na kufuatiwa na kutapika. Mkono au mguu wa upande mmoja unaopoteza nguvu, macho kuona viwiliviwili, maneno kukwama, au tabia kubadilika hadi nyumbani waseme "huyu si yule". Zahanati haitaweza kumaliza kazi hiyo. Omba rufaa kwenda kwenye kipimo cha CT au MRI.

Baba amegunduliwa glioma. Ndugu wanasema aachishwe sukari, nyama, chumvi, na chochote cha Kichina. Tufanyeje?

Poleni. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuikuza wala kuirudisha nyuma glioma yake, na mgonjwa anayenyimwa vyakula vitano kwa mpigo hukonda, kisha hastahimili matibabu. Vidonge vya kupunguza kuvimba kwa ubongo kuzunguka glioma, kama dexamethasone, vina mambo yake: huamsha njaa kali na kupandisha sukari ya damu. Apimwe sukari, na hapo soda na chai ya sukari nyingi zipunguzwe kwa sababu hiyo. Dawa za miti shamba mtajieni daktari bila aibu, nyingine hugombana na dawa za kifafa. Kama anatapika asubuhi, mpeni chakula kidogo mara nyingi.

Mzee mmoja niliyemhudumia alitaka kitu kimoja tu, papa wa nazi, na watoto wake walikuwa wamemnyima wiki tatu. Tukamloweka huyo papa tangu jana yake, tukamwaga maji, tukapika na bamia. Alikula sahani nzima, akauliza kama kimebaki cha usiku.